Washairi wa Ridhaa Wapo Tele, Mhariri Ndiye Hayupo

Kila Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inapotangaza washindi, mjadala uleule huibuka. Kuna wanaopongeza kwamba ushairi wa Kiswahili umefufuka. Na kuna wanaowajibu kwa kebehi: umefufuka wapi, wakati kila mwenye simu anajiita malenga, asubuhi anatupia beti nne za kulalamikia maji, mchana beti tatu za kumsifu mkewe, jioni rambirambi yenye vina vya kulazimisha? Nimeusikiliza mjadala huu tangu tuzo ilipoanzishwa mwaka 2022, na naona pande zote mbili zinapatana katika jambo moja, nalo ndilo lenye kasoro. Zote zinaamini kwamba ushairi wenyewe ni ule wa diwani iliyokamilika, yaani kitabu cha mashairi, na kwamba hawa wa kwenye simu, watu wa ridhaa kama mimi, ni makapi. Mimi nasema mtunzi wa ridhaa, yule anayetunga baada ya kazi, kuhusu mambo ya siku ile, kisha akajibiwa na mwenzake, ndiye aliyeubeba ushairi wa Kiswahili miaka yote. Bado yupo. Walioondoka ni wawili waliokuwa pembeni yake: mhariri aliyemrudishia shairi lake, na mtunzaji aliyelihifadhi.

Hebu tuwatazame wakubwa wenyewe walikuwa akina nani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alikuwa mfanyabiashara. Tungo zake zimejaa vita na siasa za Mombasa na Lamu, lakini zimejaa pia mapenzi, ugomvi, ukata na mizaha ya mtaani, ndiyo maana husemwa kwamba yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake karibu na mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake namna ya kukaa na mume, kutunza nyumba na kuchagua watu wa kufuatana nao. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi wa serikali na mtu wa mahakama. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954 bado kinashikwa na watunzi kama msahafu wa fani, alikuwa sheikh, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria. Nyerere mwenyewe, ambaye tuzo imepewa jina lake, alimfasiri Shakespeare akiwa Ikulu, na uzeeni akatunga tenzi kutokana na vitabu vya Agano Jipya. Katika hao wote hakuna aliyekula kwa ushairi. Wote walikuwa na kazi nyingine, na kazi hizo ndizo zilizowapa mambo ya kutungia.

Mahali pa kukutana palikuwa gazetini. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na walimu, makarani, wakulima waliojua kusoma na mafundi wakatuma tungo zao kwa posta. Baadaye yakaja Ngurumo, Uhuru, Mzalendo na mengine, na Kenya ikawa na Taifa Leo, lenye ukurasa wa ushairi wenye wafuasi wake wa kudumu. Aliyewahi kuzishika kurasa zile anaukumbuka utaratibu: salamu kwa mhariri katika ubeti wa kwanza, maudhui katikati, kaditamati, yaani ubeti wa kufunga, kisha jina, lakabu, yaani jina la kutungia, S.L.P. na mji. Mtunzi Akilimali alijiita Snow-White. Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza. Mtu wa Kigoma alitoa fumbo, wa Lindi akalifumbua baada ya wiki mbili, wa Tanga akawakosoa wote wawili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Nyerere aliwaomba washairi waisaidie siasa ya Ujamaa, na Mnyampala akaja na ngonjera, mashairi ya kujibizana, zilizoenea mashuleni kupitia UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Chama kile kilijaa watu wa ridhaa.

Haya ya kwenye simu yanatofautiana vipi na hayo? Nitatoa mfano mdogo. Mimi ni mtunza stoo, na ninatunga jioni. Katika kundi letu la watunzi niliweka ubeti huu asubuhi moja nyumbani kwangu umeme ulipozima:

Umeme umekatika, na uji bado jikoni,
Mama kuni kazisaka, hazimo hata dukani,
Mtoto anaondoka, na njaa yake tumboni,
Tokeni zimetoweka, nani wa kumlaani?

Kabla sijafika kazini, mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amejibu:

Laana ukiitaka, ianze kwako nyumbani,
Jana mechi uliweka, ukakesha sebuleni,
Pasi na taa kuwaka, na feni iko chumbani,
Tokeni zilitumika, nani wa kumlaani?

Ubeti wangu ni wa kawaida kabisa, tarbia, yaani wa mistari minne, wenye mizani (silabi) kumi na sita kwa mstari, nane kila upande, na sidai zaidi ya hapo. Tazama jibu. Mwalimu ameshika vina vyangu vilevile vya kati na vya mwisho, hakuniachia mwanya wa kusema amekwepa, kisha katika kibwagizo amebadilisha neno moja tu. Tokeni zilizotoweka zimekuwa tokeni zilizotumika, na swali langu la kumsaka mchawi limerudi mlangoni kwangu. Kundi zima lilicheka siku nzima. Hiyo ndiyo kazi ambayo Muyaka aliifanya alipokuwa akijibizana na Zahidi Mngumi wa Lamu, japo wao walikuwa wakigombania heshima ya miji na mimi nilikuwa nagombania uniti za umeme. Hakuna diwani inayoweza kuyabeba majibizano ya namna hii, kwa sababu nusu ya shairi ni la mtu mwingine.

Wenye shaka wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ubora. Ni kweli kwamba kwenye simu kuna tungo nyingi mbovu. Kijana mmoja alituma shairi la mapenzi linaloanza "Mpenzi wangu nimekuja," mizani tisa mahali pa nane, na ndani yake "moyo" amelitia kina kimoja na "mayai." Alipata vikopa vyekundu na vidole gumba mpaka nikachoka kuvihesabu. Hakuna aliyemwambia kitu. Mzee mmoja alinipigia simu pembeni kunilalamikia kwamba vijana hawajui fani, nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwenyewe, akasema hataki kumvunja moyo hadharani. Hapo ndipo penye tatizo. Kijana yule angetuma shairi hilo kwa mhariri wa miaka ya sitini, lisingetoka, au lingetoka likiwa limenyooshwa, naye angelilinganisha la gazetini na la daftarini mwake akajua limekatwa wapi. Shule yake ingekuwa hiyo. Leo anasifiwa na wote, kwa hiyo hafundishwi na yeyote, na mwaka ujao atakuwa anaandika mizani tisa bado, ila kwa kujiamini zaidi.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa sana: kwamba zamani washairi walikuwa na viwango, na sasa viwango vimekufa. Anayesema hivi anapima vitu viwili visivyo sawa. Ya zamani anayoyajua ni yale yaliyokwisha kuchujwa na wahariri, kisha na wachapishaji, kisha na walimu waliochagua ya kusomesha, na mwisho na kumbukumbu zetu sisi wenyewe. Ya leo anayaona yote, pamoja na yale ambayo mwandishi mwenyewe atayafuta kesho. Tungeweza kuyaona magunia ya barua zilizokataliwa na Mambo Leo, tungekuta "moyo" na "mayai" za kutosha. Isitoshe, hata hao wenye viwango hawakuwahi kukubaliana viwango ni vipi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, baadhi ya walinzi wa mapokeo walikataa hata kukiita kitabu cha mashairi. Leo kinasomwa vyuoni pamoja na vya wale waliokipinga. Nawakumbusha hili wale wanaodhani mhariri ninayemlilia ni mhesabu mizani. Kuhesabu mizani ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kumuuliza mtunzi, neno hili linafanya nini hapa, na huu ubeti wa tatu umeongeza nini ambacho wa pili haukusema. Mtunzi wa mashairi huru anahitaji maswali hayo kuliko wa tarbia, maana yeye hana hata kina cha kumshtua.

Upande wa pili wapo washabiki wa simu, na kwa kweli hawa ndio ninaotofautiana nao zaidi, ingawa ni wenzangu. Wao husema mhariri alikuwa mlinzi wa geti, tumshukuru Mungu ameondoka. Wana ushahidi. Mambo Leo lilikuwa la serikali ya kikoloni, Uhuru lilikuwa la chama kilichoshika dola, na mtunzi aliyetaka kusema jambo lisilopendwa alilazimika kulificha ndani ya fumbo au kulinyamazia kabisa. Katika Kenya huru, Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Hayakumngojea mhariri ayaruhusu. Kwa hiyo sikatai kwamba mkono ule ule uliosahihisha mizani ulikata na hoja. Lakini hizi ni kazi mbili, na kuiondoa moja hakukulazimisha kuiondoa nyingine. Tulipomtoa mdhibiti tulimtoa na mwalimu, tukaita uhuru. Tena udhibiti wenyewe haukwenda mbali: katika makundi mengi, kiongozi wa kundi hufuta shairi la siasa kabla halijasomwa na watu watano, kwa hofu ya kuitwa kujieleza. Udhibiti tumebaki nao, na usahihishaji hatuna.

Kuhusu tuzo sina ugomvi. Mtu kulipwa na kuchapishiwa diwani kwa Kiswahili ni jambo la kushangilia, na Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba miswada mizuri ipo, imekosa wa kuisoma tu. Ila tuzo husoma muswada mzima, mara moja kwa mwaka, na kutafuta washindi wachache. Kwa umbo lake haiwezi kuliona shairi la bei ya sukari, ambalo uhai wake ni wiki mbili. Haiwezi kuyaona majibizano, kwa kuwa hayana mwandishi mmoja wa kupewa cheti. Na haimfundishi aliyeshindwa: watunzi wengi wakituma miswada, wachache wataitwa jukwaani, na waliobaki hawatajua walikosea wapi. Anayeitegemea tuzo ilee ushairi anaipa mzigo ambao haikuumbiwa.

Sasa nije kwenye hifadhi, ambayo kwangu ndiyo inayotisha. Tunasoma tungo za Muyaka leo kwa bahati. Zilibaki vichwani mwa watu wa Mombasa, na mtu mmoja wa mji huohuo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akazikusanya na kuziandika pamoja na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, miongo kadhaa baada ya mtunzi kufa. Karatasi za Taylor zikaishia London. Diwani yenyewe ilitoka mwaka 1940 huko Johannesburg chini ya William Hichens, takriban miaka mia moja baada ya Muyaka kuzikwa. Mwalimu Sikujua asingejishughulisha, tungekuwa na jina tu. Utenzi wa Mwana Kupona nao ulivuka kwa sababu watu waliunakili kwa mkono, nakala kwa nakala. Magazeti yalirahisisha kazi hiyo bila hata kukusudia: karatasi ya mhariri ilikwenda maktaba, na kwenye mkusanyiko wa East Africana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mtu anaweza kukaa na magazeti ya zamani akasoma wananchi walivyosema juu ya vijiji vya Ujamaa, upungufu wa chakula au vita. Mtafiti Kelly Askew wa Chuo Kikuu cha Michigan ameyachambua mashairi ya magazeti ya Tanzania kama maoni ya kisiasa ya watu wa kawaida. Asingekuta cha kuchambua kama watunzi wale wangekuwa wameandikiana kwenye simu.

Mashairi ya simu hufa na simu. Ikiibwa, ikitumbukia kwenye ndoo, au mwenye nayo akibonyeza kufuta ili kupata nafasi ya picha za harusi, diwani imekwenda. Wale waliojitahidi kuziweka tungo zao mahali pa wazi mtandaoni nao walipata pigo lao. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 nchini Tanzania ziliwataka wenye blogu kukata leseni kwa ada ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, na aliyekaidi alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Kanuni zililenga habari na uchochezi, lakini mtu anayeandika tenzi za watoto na mapishi ya bibi yake hakuona tofauti; aliona milioni. Wengi walifunga. Masharti yalilegezwa baadaye, ila aliyefunga na kusahau nywila hakurudi, na tungo za miaka ya mwanzo ya intaneti ya Kiswahili zimepotea kwa kiasi ambacho hatutakipima kamwe.

Kuna watakaoniambia mjadala huu umepitwa, kwa kuwa programu za akili unde sasa zinatunga shairi la harusi kabla chai haijapoa. Zinatunga, sikatai, na bwana harusi hajali. Lakini mwalimu mstaafu alinijibu mimi kwa sababu alijua nilikesha na mechi. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe. Nikipewa programu hiyo, ningeiweka kwenye ile kazi ndogo ya kuhesabu mizani na kuonyesha vina vilivyoteleza, ili binadamu abaki na maswali magumu.

Kinachofuata basi hakihitaji taasisi mpya wala kongamano. Makundi ya watunzi yanaweza kuwa na mhariri wa zamu, mtu ambaye kwa mwezi mmoja ana ruhusa ya kumkosoa kila mmoja bila kuonekana ana chuki, na mwisho wa mwezi anayakusanya yaliyofaa katika faili moja na kulipeleka mahali. Mahali hapo pawe maktaba za umma, ambazo zimezoea kupokea kitabu na gazeti na hazina dawati la kupokea faili la kundi la simu. Dawati hilo si ghali. Magazeti yaliyoacha ukurasa wa mashairi yanaweza kuurudisha, kwani ndio ukurasa pekee ambao waandishi wake hawadai malipo na hununua nakala tatu tatu. Waandaaji wa tuzo wangeongeza kundi la majibizano, zawadi igawanywe kwa wote waliojibizana, wangeshangaa watakachokipata.

Pana vikwazo viwili ambavyo sitaki kuvipuuza. Kimoja ni faragha. Mtu aliyetunga juu ya mkwewe akiwa ndani ya kundi la watu arobaini hakutunga ili mkwewe amsome maktaba, kwa hiyo kila shairi lazima liombewe idhini, na lakabu irudi kazini. Wazee wa magazeti hawakubuni lakabu kwa mapambo. Kingine ni pesa. Mhariri wa gazeti alikuwa na mshahara, na mhariri wa zamu asiye na posho atachoka kabla ya mfungo kuisha; nimeona makundi mawili yakijaribu na kukwama hapohapo, watu wakigombana nani ameonewa na nani amependelewa. Fungu la zawadi la tuzo moja, likimegwa kidogo tu, lingemlipa mhariri mmoja asome tungo za makundi kadhaa kila mwezi na kuzirudisha zikiwa na maelezo ya ukurasa mmoja. Ningependa kuona waandaaji wakilijaribu hilo kwa mwaka mmoja, hata kwa mkoa mmoja, kisha watuambie ni miswada ya aina gani imewafikia mwaka uliofuata.